Nani aliwahi kuambukizwa korona hospitalini? Kipimo cha haraka, Elisa au mashine kubwa

Katikati ya mwaka 2020, hospitali moja ya pwani niliyokuwa nikifanya kazi maabara ililetewa makasha ya vipimo vya haraka vya kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, tukaambiwa tuwapime wenzetu. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa na kaseti 40 mezani, vile vibao vidogo vya plastiki vya kupimia, kila moja na namba yake: tone la damu ya kidole, matone mawili ya maji yaliyokuja na kasha, kisha kusubiri. Maelekezo yalisema soma baada ya dakika 15, zisizidi 20. Chai ikaja. Mwenzangu aliyeshika saa akaitwa wodini. Tuliporudi, kaseti za mwanzo zilikuwa zimekaa karibu saa nzima, na baadhi zilikuwa zimeota mstari wa pili, wa kusema kingamwili zipo, mwembamba, wa kijivu, ule ambao ukiinamishia kaseti dirishani unauona na ukiinyoosha unapotea. Mimi nikahesabu tisa. Mwenzangu akahesabu tano.

Mama mmoja wa usafi alikuwa kwenye tisa zangu, ila si kwenye tano za mwenzangu. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa mimi nimeshaugua au sijaugua?" Nikamwambia, "Tutarudia, mama." Hatukurudia, makasha yalikuwa yamekwisha.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mara nyingi ni kipimo gani kinafaa kuhesabu wafanyakazi wa hospitali waliowahi kuambukizwa. Wanaouliza siku hizi ni wanafunzi wa uzamili, na hospitali zilizoweka seramu, yaani maji ya damu, za 2020 na 2021 kwenye friza bila kuzipima. Nikisema upande wangu mapema: kwa kuhesabu, nachagua Elisa, kipimo cha maabara kinachofanywa kwa mikono kwenye sahani ya vishimo, ikiwa imejaribiwa kwanza kwa damu ya watu wa hapahapa. Mashine kubwa, ile inayopima yenyewe, ni nzuri kama tayari unayo. Kipimo cha haraka nakiweka mwisho, ingawa kuna mahali kinastahili heshima yake.

PCR siilinganishi hapa. Ile inamtafuta kirusi mwenyewe puani na kooni, na kazi yake ni siku za kuumwa. Aliyepona miezi mitatu iliyopita, PCR kwa kawaida haimwoni tena. Kingamwili ni kinyume chake: kwa wengi huonekana kuanzia wiki ya pili baada ya dalili, kwa hiyo anayeanza kukohoa leo ukimpima kingamwili unaweza kumrudisha wodini akiwa na ugonjwa wake.

Protini kwanza, kifaa baadaye

Watu huanza na kifaa: tuna mashine gani, kasha ni bei gani. Swali la kwanza ni kipimo kinatafuta kingamwili dhidi ya sehemu gani ya kirusi. Kwenye makasha utakuta herufi mbili. S ni ule mwiba unaochomoza juu ya kirusi. N ni protini ya ndani, inayofunga vinasaba vyake. Aliyeambukizwa kwa kawaida hutengeneza kingamwili za zote mbili.

Chanjo ndizo zilizovuruga hesabu. AstraZeneca, Pfizer, Moderna na Johnson & Johnson zinaufundisha mwili mwiba peke yake. Muuguzi aliyechanjwa kwa mojawapo atakuwa na kingamwili za S hata kama kirusi hakijawahi kumgusa, wala N hatakuwa nayo mpaka aambukizwe kweli. Kenya ilianza kuchanja Machi 2021 kwa AstraZeneca, wahudumu wa afya wakitangulia. Tanzania ilianza Julai mwaka huohuo kwa Johnson & Johnson. Kama seramu zako ni za kabla ya tarehe hizo, S inakutosha na huna haja ya kujitesa. Ndivyo ulivyofanyika uchunguzi wa wahudumu wa afya wa Kenya kati ya tarehe 30 Julai na 4 Desemba 2020: watu 684 wa Nairobi, Busia na Kilifi walipimwa S kwa Elisa, na hakuna aliyehitaji kuulizwa habari za chanjo.

Kama seramu ni za baada ya hapo, N inaingia, na inaingia na matatizo yake. La kwanza ni Sinopharm, ambayo Kenya na Tanzania zote zilikuja kuitumia. Hiyo ni kirusi kizima kilichouawa, kwa hiyo inaweza kuamsha S na N pamoja. Mfanyakazi wa Sinopharm mwenye N huwezi kusema kama ni chanjo au ni ugonjwa. Nimeona fomu zilizoandikwa "Amechanjwa: ndiyo / hapana" na basi. Fomu ya namna hiyo imeshaharibu kazi kabla sindano haijatolewa. Andika jina la chanjo, dozi ngapi, na tarehe ya kila moja, na ukiweza angalia kadi yenyewe badala ya kutegemea kumbukumbu.

La pili ni kwamba N hufifia. Wafanyakazi wa hospitali za Oxford waliofuatiliwa kwa mashine ya Abbott inayopima IgG, aina moja ya kingamwili, ya N walionekana kupoteza nusu ya kiwango chao kila baada ya siku 85 hivi. Mtu aliyeugua Aprili anaweza kuwa chini ya mstari wa kuhesabiwa kuwa nazo ifikapo Desemba. Kipimo cha Roche cha N, ambacho hakichagui IgG peke yake bali hukusanya aina zote za kingamwili, hudumu zaidi. Kwa hiyo "tulipima N" haijasema kitu mpaka useme N ya nani.

La tatu wengi hawalijui. Aliyechanjwa kisha akaambukizwa hutengeneza N kwa uchache zaidi. Katika majaribio ya chanjo ya Moderna, kati ya watu 648 waliopewa chanjo bandia kisha wakathibitika kuugua, 605 walikuja kuwa na N. Kati ya 52 waliopewa chanjo halisi kisha wakaugua, walikuwa 21 tu. Yaani 93% kwa 40%. Ukiwapima N wafanyakazi waliochanjwa na ukaandika kwamba 20% waliambukizwa, huenda hesabu ya kweli ni maradufu. Hilo si kosa la maabara, ndivyo mwili ulivyojibu.

Kuna pia jambo letu la hapa nyumbani. Damu za Tanzania na Zambia zilizochukuliwa kabla ya ugonjwa huu kujulikana zilionekana kuitikia zaidi vipimo vya korona mpya kuliko damu za Marekani za kipindi kama hicho, hasa upande wa N. Inadhaniwa ni kwa sababu ya ndugu zake kirusi hiki, wale wanaoleta mafua ya kawaida. Kipimo kilichosifiwa Ulaya kwa kutomsingizia mtu kinaweza kufika hapa kikaanza kusingizia. Dawa yake ni kukijaribu kwa damu za zamani za watu wako. Kilifi walifanya hivyo kwa Elisa yao ya S: waliijaribu kwa seramu zaidi ya 900 za watu wa pwani za mwaka 2018, ambapo korona hii haikuwepo. Ikasingizia 1% tu. Nafasi hiyo mwenye kaseti za dukani mara nyingi hana, maana atapoteza nusu ya makasha yake kabla hajampima mfanyakazi hata mmoja.

Kaseti, sahani, mashine

Kipimo cha haraka kina sifa ambazo wenzake hawana. Hakihitaji friji wala stima, damu ni ya kidole, jibu linatoka mtu akiwa amekaa palepale. Huko Bukavu, Kongo, katika hospitali ya Panzi, wafanyakazi 359 wasio na dalili walipimwa kwa kipimo cha namna hiyo mwaka 2020, na 41.2% wakaonekana na kingamwili. Wakati dunia ikisema Afrika haijaguswa, hospitali ya Kivu Kusini ilitoa namba ambayo hakuna aliyeitarajia. Desimali yake siiapii. Kwamba kirusi kilikuwa kimepita humo kwa wingi, hilo naliamini. Denmark nao walitumia kipimo cha haraka kwa wafanyakazi zaidi ya 28,000 wa eneo la Copenhagen, wakapata karibu 4%. Hao kipimo chao kilikuwa kimejaribiwa.

Upande wa pili, Machi 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba imenunua vipimo vya kingamwili milioni 3.5. Vile vya haraka vilipochunguzwa Oxford havikufikia kiwango, vikawekwa kando. Ubaya wa kaseti ni kwamba matoleo yake ni mengi kama sabuni sokoni, na kasha halikwambii lipi ni lipi. Ubaya mwingine mmeshausoma hapo juu: macho mawili, majibu mawili. Kaseti haikuachii namba, inakuachia mstari, na mstari ukibishaniwa hakuna pa kurudi. Ukilazimika kuzitumia, weka wasomaji wawili wasioonana majibu, piga picha kila kaseti ikifika dakika 15, na usipange 40 kwa mkupuo. Kumi zinatosha.

Elisa ni kazi ya mikono. Sahani ina vishimo 96, chini yake imepakwa protini ya kirusi. Unaweka seramu iliyozimuliwa, kingamwili kama zipo zinanasa, unaosha, unaweka kiungo cha pili chenye kimeng'enya, unaosha tena, unatia maji ya kuleta rangi, unasubiri. Kwenye makasha mengi kishimo chenye kingamwili hugeuka buluu, kisha ukitia tone la asidi kinakuwa njano. Kwa jicho tu unaanza kuona nani ana nyingi na nani hana, lakini husomi kwa jicho. Sahani inaingia kwenye kisomaji na kila kishimo kinapewa namba yake. Hapo ndipo penye thamani. Kilifi waliweka mstari wao hivi: seramu ihesabiwe ina kingamwili kama namba yake imezidi mara mbili ya ile ya damu isiyo nazo. Mwaka mwingine ukigundua mstari ulikuwa juu mno, unarudi kwenye namba zilezile na kuuhamisha. Kaseti haikupi nafasi hiyo.

Kinachoiharibu Elisa ni uoshaji. Ukiosha kwa haraka sahani nzima inakuwa njano. Stima ikikatika katikati ya kusubiri, joto linashuka, na sahani hiyo ni ya kutupa, na bei yake si ndogo. Kila sahani pia inapoteza vishimo kadhaa kwa damu za udhibiti, zile za kulinganishia. Kama wafanyakazi wako ni 30, usifungue sahani mbili kwa ajili yao, peleka sampuli mahali wanakozipima kila wiki. Hata hivyo maabara nyingi zenye uzoefu wa kupima homa ya ini au virusi vya ukimwi kwa Elisa tayari zina kisomaji, pipeti na mtu anayejua kuosha.

Mashine kubwa, zile za Roche na Abbott na wenzao, hufanya hayo yote zenyewe. Unaweka tyubu zilizozungushwa, inasoma lebo, inapiga hesabu, na kwa siku moja inamaliza kazi ambayo Elisa ingechukua wiki. Ndizo Uingereza ilizotumia ilipoamua kuwapima wafanyakazi wa hospitali za umma kuanzia Mei 2020. Siwezi kumshauri mtu kununua mashine ya aina hiyo kwa ajili ya kingamwili za korona. Lakini kama hospitali tayari inayo kwa ajili ya tezi dundumio na homoni, kilichobaki ni vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vya S na N, na ubora wake unashinda mikono yangu. Angalizo ni moja: mstari wa kukata umewekwa kiwandani. Omba mashine ikutolee namba zenyewe, usikubali orodha ya "ndiyo" na "hapana" peke yake.

Kusingiziwa kwa asilimia tano

Chukua hospitali ya watu 200 ambapo 12 wameonekana na kingamwili, yaani 6%. Kama ulitumia Elisa inayonasa 93 kati ya mia walioambukizwa na kusingizia mmoja kati ya mia wasioambukizwa, hesabu inakwenda hivi: 6 toa 1 ni 5, 93 toa 1 ni 92, gawanya 5 kwa 92, unapata 5.4%. Karibu na ulichokiona.

Sasa wale wale 12 watoke kwenye kaseti inayonasa 85 na kusingizia 5. Sita toa tano ni moja. 85 toa 5 ni 80. Jibu ni 1.25%. Watu wawili au watatu hospitali nzima, na wengine wote ni kusingiziwa.

Kaseti hiyohiyo ingekuwa inakutolea 41%, hesabu ingekupa 45%, na Elisa kwa namba hiyohiyo ingekupa 43.5%. Tofauti imekuwa ndogo. Mahali ugonjwa umepita kwa wingi, kaseti haikudanganyi sana kwenye jumla. Mahali ugonjwa ni mchache, inakumaliza. Wakenya nao hawakuishia kwenye namba ya kwanza: kwenye wahudumu 684 waliona 19.7%, wakaisahihisha ikawa 20.8%. Utafiti usioonyesha namba zote mbili mimi huufunga.

Kwa mtu mmojammoja mambo ni magumu zaidi. Mahali ambapo 5% ndio waliambukizwa, hata kwa Elisa ile nzuri, katika kila sita wanaoambiwa "unazo", mmoja hana. Kwa kaseti ile, zaidi ya nusu hawana. Ndiyo maana jibu la yule mama sikuwa nalo, na hata ningekuwa na Elisa ningempa kwa tahadhari.

Mshipa au kidole

Damu ya mshipa kwenye tyubu ya kofia nyekundu inakupa seramu ya kutosha kupima S leo, N kesho, na kubaki na akiba. Tone la kidole kwenye karatasi ya kunyonyea, ileile wanayotumiwa watoto wachanga kwenye kipimo cha ukimwi, linasafiri kwa bahasha bila barafu, na walinzi wa zamu ya usiku unaweza kuwafuata langoni. Kwa pwani shida ni unyevu: karatasi isipokauka sawasawa, au ikafungwa bila vifuko vya kukaushia, inaota ukungu. Na kila kipimo kinachotumia karatasi lazima kijaribiwe upya kwa karatasi. Namba za seramu hazihamishiki hivihivi. Hospitali moja, maabara ipo ghorofa ya chini: mshipa. Vituo kumi na viwili vilivyotawanyika kaunti nzima: karatasi.

Nani anaitwa

Hili halimo kwenye kasha lolote, na kwangu lina uzito kuliko chapa ya kipimo. Birmingham, Aprili 2020, walipima wafanyakazi wa hospitali na kukuta kingamwili kwa 24.4%. Wa usafi walikuwa 34.5%, wa chumba cha wagonjwa mahututi 14.8%. Oxford nao waliona hivyohivyo: wapagazi na wasafishaji 18.6%, wa mahututi 9.9%. Waliovaa kila kinga walikuwa salama kuliko waliosukuma machela. Kenya, umri, jinsia na mahali vilipozingatiwa, cheo hakikuleta tofauti ya maana. Tofauti kubwa ilikuwa mahali: Nairobi 43.8%, Busia 12.6%, Kilifi 11.5%. Ukiita madaktari na wauguzi pekee, hutaweza kujua hospitali yako inafanana na ipi. Orodha ianze kwenye daftari la mishahara, na iongezwe wale wa kampuni za nje: usafi, ulinzi, jikoni.

Mara moja au mara kadhaa? Kupima mara moja kunakupa picha. Kupima watu walewale kila baada ya miezi kunakwambia kama kinga inakinga. Oxford waliwafuata wafanyakazi 12,541 mwaka 2020: kati ya 11,364 walioanza bila kingamwili za S, 223 walionekana na kirusi kwa PCR, kati ya 1,265 waliokuwa nazo, wakiwemo 88 waliozipata wakati wa ufuatiliaji, wawili, na wote hawakuwa na dalili. Hayo yalikuwa kabla ya Omikroni, ambayo ilikuja kuruka ukuta huo kwa wengi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaonya tangu Aprili 2020 dhidi ya kuwapa watu vyeti vya kinga, na hospitali isitumie majibu haya kuamua nani avae barakoa au nani apangiwe wodi ya korona. Msimamizi apewe jumla ya kitengo, na kama kitengo kina watu watatu, asipewe hata hiyo.

Basi uchague nini

Seramu za kabla ya chanjo, maabara yenye kisomaji: Elisa ya S, na damu za kabla ya 2020 za watu wa eneo lako kama unaweza kuzipata. Seramu za baada ya chanjo: S na N pamoja, kwenye mashine kama ipo, na wa Sinopharm watengwe kwenye jedwali lao. Hospitali isiyo na stima ya uhakika inayotaka kujua tu kama wimbi limepita: kaseti, toleo moja lililochunguzwa, hesabu isahihishwe, na hakuna anayepewa jibu lake binafsi kama hukumu.

Kama unataka kuanza leo na damu mpya, S usiisumbukie. Kwa maambukizi na chanjo za miaka hii karibu kila mtu anazo, utatumia pesa kuthibitisha ukuta ni mweupe. Chenye faida ni jozi: damu ya mtu mmoja iliyochukuliwa mara mbili, na kuangalia kama namba yake ya N imepanda kati ya ya kwanza na ya pili.

Kabla ya kuagiza chochote, nenda kafungue friza. Zile kaseti 40 niliziandika namba kwa kalamu ya wino, na tyubu za wiki hiyo nilizifanya vivyo hivyo. Nilipozitoa mwaka uliofuata, wino ulikuwa umeyeyuka na lebo nyingine zimelala chini ya kasha, zimegandana kwenye barafu. Seramu ilikuwa safi kabisa, ila sikujua ni ya nani.